Mbwa Aliyeonyeshwa Njia ya Kurudi

"Bibi, kama ulimtaka sana, kwa nini ulimwonyesha njia ya kurudi kwao?"

Bertila aliuliza swali hilo akiwa na miaka saba, amechuchumaa uani kwa bibi yake huko Usinge, mkono wake mmoja uko juu ya mgongo wa mbwa mzee mwenye sikio moja jeupe. Bibi yake, Apolinaria, alikuwa anapepeta karanga. Hakuinua macho.

"Nishikie ungo huu," alisema. "Usimwage."

Swali likaishia hapo, kama maswali mengi ya watoto yanavyoishia kwenye ungo.

Lakini halikuwa la Bertila peke yake. Usinge nzima iliwahi kuliuliza. Kila mtu alijua kwamba Apolinaria alikwenda Tabora kwa gari la moshi, tiketi ya kurudia ameifunga kwenye pindo la kanga, kisha akarejea kwa miguu, ananuka moshi kama nyama ya kukausha, kambeba mbwa mdogo kifuani. Wapo waliosema gari lilimwacha. Wapo waliosema alifukuzwa stesheni kwa sababu ya mbwa. Yeye mwenyewe alimpa kila mtu sababu yake, na zote alizisema kwa kucheka, hata ikawa hakuna anayejua ashike ipi.

Habari yenyewe ilianza na uyoga.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya pili vya Wazungu, Apolinaria alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa na binti mmoja, Eustadia, ambaye ndiye alikuja kuwa mama yake Bertila, na mdogo wake wa kiume, Modest, kibarua wa kutengeneza reli. Mvua za kwanza zikishanyesha na ardhi ikaanza kutoa ule mvuke wenye harufu ya majani mabovu, Apolinaria alikuwa wa kwanza kuingia msituni na wa mwisho kutoka. Uyoga wake ukishakauka ulipakiwa gari la moshi mpaka Tabora, kwa Mzee Ghalibu wa Gongoni, Mwarabu aliyezaliwa pale pale mjini na aliyekuwa ananunua asali, nta na kila kitu kizuri kinachotoka porini.

Watafuta uyoga wana namna yao ya kutembea. Kila baada ya hatua kadhaa hugeuka wakatazama nyuma. Msitu una nyuso mbili, ule unaouona ukienda siyo ule utakaouona ukirudi. Mti wenye kovu kubwa upande huu, ukiuzunguka upande wa pili ni laini tu, kama hujawahi kuuona maishani mwako. Kwa hiyo unageuka, unautazama uso wa pili, unauweka moyoni, ndipo unaendelea.

Masika moja Apolinaria hakugeuka. Aliona uyoga mkubwa umejitandaza chini ya kichuguu, mweupe, kama mtu ameanika sahani. Akaufuata. Akaona kichuguu kingine, na kingine tena. Alipoinua kichwa, miti yote ilikuwa migeni. Siku mbili alizunguka humo, kanga yake imelowa, anaita jina la binti yake kwa sababu ndilo pekee lililomjia. Siku ya tatu alisikia mlio wa gari la moshi upande wa kushoto, wakati yeye alikuwa ana hakika reli iko kulia. Akaufuata mlio ule bila kuuamini, mpaka akaangukia kwenye kokoto za reli.

Tangu hapo aliogopa kuingia ndani. Aliokota kandokando, pale wanapookota watoto, na ungo wake ulirudi nusu. Ndipo alipoanza kumwota mbwa.

Ndoto ilikuwa ile ile kila mara. Msitu umejaa mwanga wa njano, kama ndani ya chupa ya asali. Mbwa anatangulia, mkia juu, hana haraka. Kila akifika penye kona anasimama, anageuza shingo kuona kama Apolinaria anakuja. Apolinaria anakuja. Basi, ndoto inaishia hapo, wala hakuna wanakofika.

"Mwanamke na mbwa wapi na wapi, dada," Modest alimwambia. "Utamfundisha kuokota uyoga?"

"Yeye ndiye atanifundisha kurudi nyumbani."

Shida ni kwamba Usinge mbwa hawakudumu. Ndorobo, wale inzi wa porini wanaoleta malale, walikuwa wakiwauma, na mbwa aliyeumwa alikonda, macho yakaingia ukungu, akafa. Wachache waliopona walikuwa wa wawindaji, na hakuna mwindaji aliyekuwa tayari kumpa mwanamke mbwa wake. Apolinaria akamwomba Mzee Ghalibu, ambaye ghala lake lililindwa na jike moja la rangi nyekundu aliloliita Shaba. Mzee Ghalibu akaahidi. Mwaka wa kwanza Shaba hakuzaa. Mwaka wa pili alizaa, watoto wakafa. Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, Modest alirudi kutoka kazini, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu polepole kwa makusudi.

"Gadi wa treni ana salamu zako kutoka Gongoni," alisema. "Shaba amezaa. Watoto wana miezi miwili, wanakula wenyewe."

 Apolinaria alikwenda nyuma ya nyumba akasimama huko kwa muda, Eustadia akadhani mama yake anaumwa.

Modest mwenyewe ndiye aliyemtafutia kapu lenye kifuniko. Usinge kila mtu alijua mnyama anavyohamishwa, awe paka au mbwa. "Mfunike kuanzia mlangoni kwao hadi mlangoni kwako," alimwelekeza. "Kabla hujaondoka mzungushe mara tatu, kichwa kimpotee. Usimfunue hata kidogo, dada. Mbwa akiiona njia, hata awe mdogo vipi, ipo siku ataifuata."

Apolinaria akaenda. Alipobisha hodi kwa Mzee Ghalibu jioni ile, alimkuta mzee amesimama mlangoni pa ghala, anajikuna ndevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Eustadia. Karibu. Sina uso wa kukutazama."

Siafu walikuwa wameingia ghalani wiki iliyopita. Wawili katika wale watoto walikufa. Usiku ule ule Shaba aliwabeba waliobaki kwa meno, mmoja baada ya mwingine, akaenda kuwaficha, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua wapi. Alikuja kula tu, kisha akapotea.

"Si umfuate," alisema mke wa mzee, Tufaha, ambaye alikuwa rika moja na Apolinaria na walizoea kuitana shoga. "Sisi tumeshindwa. Anatuzungusha mji mzima."

Apolinaria alimfuata Shaba kesho yake kutwa nzima. Kweli alizungushwa. Shaba alipita sokoni, akapita nyuma ya mafundi cherehani, akalala mbele ya duka la mkate akijifanya hana safari, na kila Apolinaria alipojificha, yule mbwa aligeuza kichwa akamtazama moja kwa moja, kama mtu anayesema, nimekuona. Jioni miguu ilikuwa imevimba.

Siku ya pili aliacha kufuata. Alifanya kama anavyofanya porini akikosa uyoga. Alisimama tu, akatulia, akaacha macho yazoee. Shaba alikuja, akala, akajinyoosha, na Apolinaria akaona kitu. Tumbo na matiti ya Shaba yalikuwa na vumbi jeupe. Si vumbi la barabarani, maana udongo wa Tabora ni mwekundu. Lilikuwa chokaa ya zamani, ile inayobanduka kwenye kuta zilizoachwa.

"Shoga," alimwita Tufaha. "Nyumba gani hapa Gongoni imepakwa chokaa na haina mtu?"

Tufaha alifikiri. "Hakuna, ila lile gofu la tembe, kule mwisho. Walikokuwa wanafikia watu wa misafara enzi za babu zetu. Watoto hawaendi, wanasema lina sauti."

Apolinaria alilijua gofu lile, ingawa hakuwahi kuingia. Mama yake, Masika, alikuwa amemwonyesha kwa mbali mara moja tu. Masika aliletwa pale akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, ametekwa huko ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema. Njiani macho yalimuuma. Wakamfunga kitambaa usoni, mpagazi mmoja akambeba mgongoni, na kwa siku nyingi, hajui ngapi, alichokijua ni jasho la mgongo ule na sauti ya miguu mingi. Kitambaa kilifunguliwa ndani ya tembe. Kitu cha kwanza alichokiona katika maisha yake mapya kilikuwa ukuta mweupe. Hata jina la Masika alipewa hapo, kwa kuwa mvua zilikuwa zinanyesha. Lile la kwanza halikumrudia.

Apolinaria akaingia. Dari la udongo lilikuwa limeanguka, na jua liliingia kwa vipande. Majani marefu yameota katikati ya vyumba. Kimya kilikuwa kizito lakini si cha kutisha, kilikuwa kama kimya cha mtu aliye karibu kusema. Akasimama, macho yakazoea. Kwenye pembe, chini ya ukuta uliobaki na chokaa yake, kulikuwa na watoto wawili wa mbwa wamelaliana. Mmoja alikuwa dume nene, ambaye Mzee Ghalibu alimwahidi mlinzi wake. Wa pili alikuwa jike dogo, jekundu kama mama yake, sikio moja jeupe. Lilijitenga na mwenzake, likaja likiyumba mpaka kwenye miguu ya Apolinaria, likaketi juu ya kidole chake cha gumba.

Miaka mitatu alikuwa amelisubiri lile joto kidogo. Akakaa chini, mgongo ukutani, akamweka mapajani, na kwa kitambo alisahau aliko. Alihisi kama hata yeye ameletwa pale na mtu, na mtu huyo ametoka kidogo, atarudi sasa hivi.

Jioni Tufaha alimkuta uani, mikono ameiinua juu.

"Amenilamba," Apolinaria alisema. "Nisiguse vyombo vyako."

Tufaha akaleta birika. Akachukua udongo kidogo, akamsugua nao viganja, kisha akaanza kummiminia maji, anahesabu mpaka saba kama dini yake inavyotaka. "Najua wewe ni Mkristo, haikuhusu," alisema. "Lakini unakula kwenye sinia langu. Sita. Utamwita nani?"

"Subira. Nilimpa jina hilo tangu mwaka wa kwanza."

Birika likasimama hewani. "Shangazi aliyenilea anaitwa Subira."

"Basi nimekoma."

"Tafuta lingine, shoga. Shangazi bado yuko hai, na anapenda kupita hapa bila taarifa." Wakacheka mpaka Tufaha akapoteza hesabu, ikabidi aanze upya.

Mzee Ghalibu hakutaka kitu chochote kwa yule mbwa. Alisema mbwa kwake hauzwi. Asubuhi Apolinaria alimtia kwenye kapu, akafunga kifuniko kwa kamba, akalizungusha kapu mara tatu mbele ya Tufaha aliyejiziba mdomo asicheke, akaenda stesheni.

Hapo sasa ndipo penye lile swali.

Stesheni ilikuwa imejaa. Watu na magunia, kuku, baiskeli. Mbwa mdogo alilia ndani ya kapu, akalia, akakwaruza. Kisha akanyamaza. Gari la kwenda Kigoma lilikuwa limekwisha fika na watu walikuwa wanapanda. Apolinaria alisukuma kifuniko kwa kidole, kidogo tu, achungulie. Mbwa hakuinua kichwa. Alikuwa amelala na pua yake imebanwa kwenye ukindu, macho amefumba, kama aliyekwisha kubali.

"Mama, panda au tupishe," alisema mtu nyuma yake.

Apolinaria akapisha. Wakapita wote. Filimbi ikapulizwa, gari likatetemeka, likaanza kwenda, nalo likaondoka na nafasi yake. Alisimama pale mpaka stesheni ikawa tupu. Kisha alikata kamba, akaondoa kifuniko, akakitupa. Mbwa akatoa kichwa, akapepesa macho kwenye jua. Apolinaria akamfunga kifuani kwa kanga, kichwa nje, akashika kapu tupu mkononi, na wakatoka mjini kwa miguu, wameelekea magharibi.

Njia ya zamani ya misafara mara inatembea bega kwa bega na reli, mara inajitenga ikaingia msituni kama ina siri. Ni nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, imelika katikati kwa nyayo za watu ambao wote wamekwisha kufa. Apolinaria aliifuata kwa mwendo wa mtu asiye na ahadi. Asubuhi na jioni alimweka mbwa chini atembee na kunusa. Jua likipanda alimbeba. Walikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alivyofungiwa na Eustadia, yeye anatafuna kwanza ndipo anampa. Na penye kila kona, kila kijito, kila mti wenye alama, aligeuka. Alisimama akaipa magharibi mgongo, akamgeuza mbwa uso kule walikotoka, akangoja mpaka ameutazama uso wa pili wa msitu. Kisha wakaendelea.

Karibu na Usoke wanawake waliokuwa wanateka maji walimwona akigeuka mara tatu katika mwendo mfupi.

"Dada, umesahau kitu?"

"Sijasahau. Namwonyesha."

"Unamwonyesha nani, na uko peke yako?"

"Huyu mgeni," akafunua kanga kidogo.

Walicheka hadi mmoja akaketi kwenye mtungi wake. Lakini walimpa uji, na mgeni naye akapewa wa kwake kwenye kifuu. Kila walipofika watu waliuliza habari za mgeni. Siku ya nne, kabla hawajafika Urambo, Apolinaria alijikuta anamwita hivyo hivyo, "Mgeni, njoo," na akaja.

Mbele ya Urambo kulikuwa na kizuizi cha ndorobo. Serikali ilikuwa imejenga kibanda njiani, na mlinzi, kijana mmoja aitwaye Sylvester, kazi yake ilikuwa kumkagua kila mpita njia kwa wavu asije akabeba ndorobo mgongoni na kuwapeleka kwenye vijiji. Alimzunguka Apolinaria kwa makini, akapitisha wavu miguuni. Alipomwona Mgeni, akatikisa kichwa.

"Mama, kutoka hapa mpaka ukaribie Kaliua ni mwendo wa kutwa, na kutwa nzima ni ndorobo. Mbwa huyu hafiki. Mrudishe kwenye kapu hilo, funika kwa kanga, funga vizuri. Wao hawaingii gizani."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Umuache hapa kwangu."

Apolinaria alikaa kwenye kivuli cha kibanda. Kapu lilikuwa mbele yake, Mgeni amelala ndani ya kivuli cha kapu. Kutwa moja tu gizani. Miaka mitatu alingoja, sasa apoteze kila kitu kwa sababu ya kutwa moja? Aliinua kanga, akaishika juu ya kapu, akaliona giza lililofanyika mle ndani. Akaikunja tena.

"Una moto?" alimwuliza Sylvester.

Usinge ni watu wa asali. Mtoto wa Usinge anajua kutengeneza mwenge wa kufukizia nyuki kabla hajajua sala. Apolinaria alibandua magome, akatafuta kinyesi kikavu cha tembo, akafunga pamoja kwa kamba za miti, akafanya mienge minne mirefu ya kuungua polepole bila kuwaka. Sylvester alimsaidia, huku anasema hajapata kuona. Kulipopambazuka aliwasha wa kwanza, akaushika mbele yao, upepo ukiwarudishia moshi usoni.

Wakaingia msituni ndani ya wingu lao wenyewe.

Siku ile Apolinaria aliikumbuka kama ndoto, na pengine sehemu yake ilikuwa ndoto. Macho yalimtoka machozi. Miti ilikuja mmoja mmoja kutoka ndani ya moshi, ikasimama, ikapotea. Ndorobo walivuma pembeni, hawakuingia, isipokuwa wachache waliomuuma mikono yake, naye akawaacha wamuume. Mgeni alipiga chafya kifuani. Mahali fulani katikati ya mchana alisikia miguu, mingi, laini, nyuma yake na mbele yake, watu wanaokwenda wamebeba vitu vizito na hawasemi. Hakuogopa. Aliona ni sawa, njia ni yao pia. Hata mle ndani ya moshi, penye kila kona, aligeuka. Alitoa mwenge kando, moshi ukapasuka kidogo, akamwonyesha Mgeni msitu wa nyuma, akahesabu pumzi tano, wakafunikwa tena.

Mwenge wa nne ulikuwa umebaki wa kiganja walipoona mashamba ya Kaliua.

Siku ya nane, alasiri, walifika Usinge. Modest alikuwa kwenye reli na wenzake. Aliegemea sururu yake, akamtazama dada yake toka kichwani mpaka miguuni.

"Umekuja na treni gani?"

"Ya miguu."

Aliposikia yote, kapu bila kifuniko, kona na kugeuka, Modest aliketi kwenye reli. "Dada, umemfundisha njia yote. Ungeandika na barua kabisa, umwambie aondoke lini."

Mgeni alikua, akajua nyumba, akajua sauti ya Eustadia. Apolinaria alianza kulala vizuri. Ile ndoto haikuja tena, hakuihitaji.

Mwezi wa kumi, siku tatu baada ya mvua ya kwanza kunyesha, kulipokucha Mgeni hakuwepo. Nyayo zake zilikuwa wazi kwenye udongo laini, zimepita nyuma ya jiko, zikaingia kwenye njia ya zamani kuelekea mashariki.

"Amepanda gari lake la miguu," Modest alisema, lakini alisema kwa upole.

Eustadia alitaka wakimbie wamfuate. Mama yake alikataa. Hakuokota uyoga siku hizo, ingawa uyoga ulikuwa umeanza. Alifagia uwanja, akajaza maji kigae alichonywea mbwa, akamwaga, akajaza tena. Hakula sawasawa. Siku ya nne Modest alileta habari aliyopewa na watu wa Urambo. Sylvester wa kizuizini alimwona. Mbwa mwekundu, sikio jeupe, aliketi katikati ya njia pale pale kwenye kibanda. Alitazama upande wa Tabora muda mrefu. Alitazama upande wa Usinge. Alilala karibu na moto wa Sylvester, na kulipokucha alikuwa amekwenda.

"Upande gani?" Apolinaria aliuliza.

"Hakuona."

Hizo siku mbili zilizofuata, Apolinaria alisema baadaye, zilikuwa ndefu kuliko ile miaka mitatu.

Siku ya sita, jua la utosini, alikuwa ameinama anachochea moto alipohisi kitu kimeketi juu ya kidole chake cha gumba. Mgeni alikuwa amekonda, ana matope mpaka masikioni. Alikunywa maji ya kigae yote. Kisha akaenda kulala mahali pake.

Kwa nini ndorobo hawakumuua, hakuna aliyejua. Kesho yake asubuhi Apolinaria alichukua ungo, wakaingia msituni, mbwa mbele, mkia juu, na kila penye kona Mgeni alisimama akageuza shingo. Walikwenda mbali kuliko mwanamke yeyote wa Usinge alivyopata kwenda. Wakarudi ungo umejaa. Wakafanya hivyo kila masika, miaka kumi na minne, na Mgeni hakuifuata tena ile njia ya mashariki hata siku moja, ingawa aliijua.

Bertila alimkuta akiwa mzee. Mgeni alipokufa alizikwa karibu na kichuguu chenye uyoga mweupe, na Modest, ambaye mvi zilikuwa zimeanza, ndiye aliyechimba.

Mwaka huu Bertila ana miaka kumi na tano, anasoma Tabora, na likizo hurudi Usinge kwa gari la moshi. Stesheni zote anazijua kwa majina, lakini dirishani msitu unapita haraka, hauonyeshi uso wake wa pili. Likizo hii alimkuta bibi yake anatandaza uyoga juani, akachuchumaa kumsaidia. Hawakuwa wanazungumzia mbwa.  Apolinaria aligeuza uyoga mmoja, akaupuliza vumbi, akasema kama anaendelea na maneno aliyoyaacha jana:

"Mama yangu alikaa Tabora mpaka akafa. Serikali ilipotangaza kwamba hakuna tena mtumwa, wakamwambia, Masika, sasa unaweza kwenda kwenu. Akawauliza, wapi. Basi watu wakasema amekaa kwa sababu anatupenda. Labda. Nilimwuliza mwenyewe, akaniambia, sijui, mwanangu, maana sijawahi kuiona njia nikaiacha. Ndiyo maana nilimwonyesha, mjukuu wangu. Mimi kwa Mgeni nilitaka nijue."